Ku miaka 15, mutoto anaweza kukubali yeye mwenyewe kuingia mu utafiti wa wanganga?

Tuweke mfano. Ni siku ya posho mu kartie Kasungami, komine Annexe. Watu wawili wenye kuvaa bluze nyeupe wanapiga hodi. Wanaomba damu kidogo na mukojo wa vijana wa miaka 12 mupaka 17, juu wanataka kujua kama vumbi ya migodi inaingia mu mwili. Baba eko Kolwezi, miezi mbili hajarudi. Mama eko ku soko. Mu nyumba kuko tu kijana wa miaka 15. Yeye njo anapika, anaangalia wadogo wake, anachota maji, na kisha masomo anauzisha makala ku barabara. Anawaambia: «Hakuna shida, mukamate tu. Miye niko mukubwa.» Wale watu wanakataa. Wanasema watarudi wakati mama atakuwa.

Ku nyumba ya jirani mama eko. Anasikiliza dakika mbili, anakamata biki, anatia sahihi. Binti yake wa miaka 16 anasimama ku mulango. Hasemi kitu, lakini mukono wake anauficha mu kikwembe. Anaogopa sindano? Anaogopa wataona kama eko na mimba? Hakuna mutu anamuuliza. Wanamukamata damu.

Kati ya hawa vijana wawili, nani alikubali?

Nyumba hizi mbili tumezitunga, lakini utafiti wa namna hii hatukuutunga. Kwa miaka mingi watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven mu Ubelgiji, wamepima mukojo na damu ya wakaaji wa migodi ya kwetu. Mu mwaka wa 2009 walichapisha matokeo ya watu 351 wa Katanga ya kusini, na karibu mutu mumoja juu ya watatu alikuwa mutoto wa chini ya miaka 14. Mu 2018 wakachapisha ingine, ya Kasulo, ile kartie ya Kolwezi kwenye watu walianza kuchimba kobalti chini ya manyumba yao. Wakaaji 72 wa Kasulo waliingia mu ile utafiti, na 32 kati yao walikuwa watoto. Tofauti na watu wa mbali na migodi ilionekana zaidi mu mwili wa watoto: kobalti mingi mu mukojo, na alama za kuharibika mu ADN.

Kama watoto wa Kasulo hawangeingia, leo tungekuwa tunasema tu «inaonekana vumbi ni mbaya». Sasa inajulikana. Kwa hiyo swali haliko kama vijana wanapaswa kuingia mu utafiti ao hapana. Swali ni namna gani wanaingia, na nani anawaulizaka.

Munganga wa kutunza na munganga wa kutafuta

Wengi wetu tukiona bluze nyeupe tunafikiri matunzo. Hapo njo matatizo inaanzia. Munganga mwenye kukutunza anatafuta wewe upone. Mutafiti anatafuta jibu la swali, jibu lenye litasaidia watu wengine, pengine kisha miaka kumi. Na anaweza kuwa mutu yuleyule, mu chumba kilekile, na stetoskopu ileile ku shingo. Ku Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye kuko kituo kikubwa cha utafiti, wachunguzi walichapisha mu 2004 kama wazazi wengi wenye walitia sahihi juu ya watoto wao hawakuwa wanatofautisha vizuri mambo hayo mbili. Walifikiri mutoto amepokelewa tu ku hospitali nzuri.

Mu jaribio la dawa kuko tena jambo lenye watu hawapendi kusikia: mara mingi munganga hachague dawa gani utapata. Ni kura, sawa vile kuvuta kikaratasi mu kofia. Tulikuwa na mufano mukubwa hapa mu inchi. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Novemba 2018 mupaka Agosti 2019, wagonjwa 681 wa miaka yote, pamoja na watoto, waligawanyika kwa kura kati ya dawa ine. Mbili zilionyesha nguvu zaidi: kati ya wale walizipata, karibu mutu mumoja juu ya watatu alikufa, na kwa zile zingine mbili ilikuwa karibu nusu. Mbele ya kura hakuna mutu alijua, hata Profesa Muyembe na kundi lake. Njo maana ya utafiti: kama wangejua, hawangekuwa na haki ya kupiga kura juu ya maisha ya watu.

Kijana mwenye kuingia bila kuelewa ile kura, hajakubali kitu. Amesema tu ndiyo.

Sheria inasema nini

Ku Kongo mutoto ni mutu yeyote wa chini ya miaka 18. Sheria ya kulinda mutoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema vile, na kode ya jamaa vilevile. Sahihi ya kijana wa miaka 15 yeye peke yake haitoshe. Wale watu wa Kasungami wenye walikataa kumukamata damu bila mama, walifanya vizuri, hata kama kijana alikasirika.

Lakini watu wengi wanasoma sheria mupaka hapo na kufunga kitabu. Sheria ileile ya 2009 inasema mutoto mwenye anaweza kupambanua mambo eko na haki ya kusema mawazo yake juu ya kila jambo lenye kumuhusu, na mawazo yake yapewe uzito kufuatana na miaka na akili yake. Kongo ilikwisha kukubali mambo hayo tangu 1990, wakati ilikubali mapatano ya mataifa juu ya haki za mutoto. Na Tangazo la Helsinki, lenye wanganga wa dunia yote wanafuata tangu 1964 na lenye lilirekebishwa tena mu 2024, linasema kama mutoto anaweza kutoa mawazo, mutafiti anapaswa kumuomba yeye pia, juu ya ile ruhusa ya muzazi. Na akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe.

Kwa hiyo kuko milango mbili. Wa kwanza ni wa muzazi: anatoa ruhusa. Wa pili ni wa mutoto: anakubali. Kama mumoja umefungwa, hakuna kuingia. Inje ya hapo kuko tu njia nyembamba moja: mutoto mugonjwa sana, na ile dawa ya kujaribiwa njo tumaini moja lenye linabakia. Hapo wanganga na muzazi wanaweza kuendelea hata mutoto analia. Lakini kukamata mukojo juu ya kupima kobalti haiingie mu ile njia. Yule binti wa kikwembe alikuwa na haki ya kusema hapana, na ile hapana ilikuwa na nguvu kuliko biki ya mama yake.

Tunajua hii sentensi haitapendeza wazazi wote. Kwetu mutoto hakatae mbele ya mukubwa, zaidi sana mbele ya mugeni. Mutoto mwenye kunyamaza njo mutoto mwenye adabu. Lakini mutafiti mwenye kujua desturi zetu anapaswa kujua pia kama kunyamaza kwa mutoto wa Lubumbashi hakuko ndiyo. Wale wenye uzoefu wanafanya hivi: kisha kuongea na muzazi, wanaomba dakika kumi na kijana pembeni, chini ya muti ao inje ya nyumba, na wanamuambia wazi: «Ukikataa, hatutaambia mama yako juu ya nini.» Ni jambo ndogo, na linabadilisha kila kitu.

Akili ya miaka 15

Wanaweza kweli kuelewa, hawa wenye siku hizi wanajiita ba-ado? Watu walipima. Mu Uholanzi, utafiti wenye ulichapishwa mu 2014 uliuliza watoto 161 wa miaka 6 mupaka 18, wenye walikuwa wanaombwa kuingia mu utafiti wa kweli, kama wameelewa nini, faida iko wapi, hatari iko wapi, na juu ya nini wanachagua hivi. Kuanzia karibu miaka 11, wengi walijibu vizuri. Chini ya miaka 9 na nusu, wengi walishindwa.

Hatusemi Annexe ni Uholanzi. Lakini tusisahau kwetu mutoto wa miaka 12 anajua bei ya makala kila mwezi, anajua nani anamuibia ku mizani, na anajua kuhesabu faida ya mama ku soko. Akili ya kupima faida na hasara iko. Chenye kinamuangusha kijana ni kingine: haraka, haya, na wenzake. Kijana mwenyewe ku nyumba, mu utulivu, anafikiri vizuri. Kijana kati ya marafiki kumi, mbele ya mwalimu, siku yenye darasa yote inasimama mu mustari, atafanya sawa wengine. Kwa hiyo ukisikia kama wanakamata damu ku masomo, uliza: waliwapa karatasi siku moja mbele, wapeleke nyumbani na kulala nayo? Ao walifika tu saa tatu na sindano?

Kisha kuko luga. Karatasi ya kukubali mara mingi inaandikwa mu Kifaransa, kurasa sita ao nane, na mambo ya sheria ndani yake. Kuko pia zenye kutafsiriwa mu Kiswahili, lakini Kiswahili gani? Mu karatasi za Tanzania na Kenya utasoma neno «ridhaa». Ni neno zuri, ila simama ku Luwowoshi ao ku Kisanga uulize vijana kumi «ridhaa» ni nini. Watakuangalia tu. Sema: «Wanataka kukuomba kitu. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, na hata ukikubali leo unaweza kuacha kesho, na matunzo yako ku hospitali hayatabadilika.» Kila mutu anaelewa. Tafsiri ya kitabu inaweza kuwa sawa kabisa na isifikie mutu hata mumoja.

Njia ya kupima kama kijana ameelewa haiko kumuuliza «Umeelewa?» Atasema ndiyo, kila mara. Ni kumuomba arudishe kwa maneno yake: «Ukifika ku nyumba, mudogo wako akikuuliza wale watu walitaka nini, utamuambia nini?» Akijibu «Walitaka kunipa dawa ya tumbo», basi unaanza upya.

Mutumbula na Kano

Wazee wa komine Kenya na Kamalondo wanakumbuka masimulizi ya mutumbula, wale watu wenye ilisemekana walikuwa wanakamata watu usiku, wakati wa Wabelgiji, na kuwapeleka wazungu. Vijana wanacheka wakisikia. Lakini ile woga haikukufa, ilibadilisha nguo tu. Ukisikia mu bisi kama «wanauzisha damu yetu Ulaya», ni mutumbula anarudi. Wale wanganga wenye kusema ni ujinga wanakosea. Mutu mwenye hakuambiwa damu yake inaenda wapi, atajitafutia jibu yeye mwenyewe.

Na kuko mambo ya kweli yenye kuleta woga. Mu 1996, mu muji wa Kano ku Nijeria, ugonjwa wa utandu wa ubongo ulikuwa unaua watoto wengi. Kampuni Pfizer ya Marekani ilifika na kujaribu dawa yake mupya, Trovan, juu ya watoto karibu 200. Nusu walipata ile dawa, nusu walipata dawa ya kawaida. Watoto 11 walikufa, mu makundi yote mbili, na wengine wakabakia na ulemavu. Kampuni ilisema ugonjwa njo uliwaua na kama jamaa zilikubali kwa kinywa. Jamaa zikasema hazikuambiwa kama ni jaribio. Mu 2009 kampuni ilikubali kulipa milioni 75 za dola ili kumaliza maneno na jimbo la Kano. Miaka kumi na tatu ya mabishano, na kiini chake ni karatasi na maneno: nani aliambiwa nini, mu luga gani.

Wengine wakisikia Kano wanasema basi tuwaache watoto inje kabisa. Hapo tunakataa. Angalia ugonjwa wa malale, wa mbung'o. Zamani dawa moja yenye arseniki, melarsoprol, ilikuwa inaua karibu wagonjwa tano juu ya mia. Kisha ikakuja matunzo ya sindano na serumu, yenye kuomba hospitali, kitanda na munurse kwa siku mingi. Leo kuko vidonge, fexinidazole, siku kumi, vya kukunywa na chakula. Na mutoto anaweza kuvikunywa kuanzia miaka 6 na kilo 20. Juu ya nini tunajua kama vinamufaa mutoto? Juu kati ya 2014 na 2016 watoto 125 wa miaka 6 mupaka 14, hapa Kongo, waliingia mu jaribio. Bila wao, munurse wa kijiji angekata kidonge cha mukubwa mara mbili na kuomba Mungu.

Ni vile ilikuwa pia ku chanjo ya Ebola mu Kivu na Ituri. Mwanzoni ilikuwa bado haijapata ruhusa ya kuuzishwa. Watu walichanjwa kufuatana na protokole na karatasi ya kukubali, na wanawake wenye mimba na watoto wadogo sana waliachwa inje kwa sababu ya kuwalinda. Lakini Ebola haikuwaacha. Mu 2019 mulango ulifunguliwa kwao pia, kisha mabishano mingi. Kulinda mutu kwa kumufungia inje, pengine ni kumuacha na ugonjwa peke yake.

Kama muzazi haiko

Tunarudi ku jambo lenye sheria yetu inaacha gizani. Binti wa miaka 16 mwenye kuzaa, eko anaishi peke na mutoto wake ku Kalebuka. Wazazi walimufukuza. Kwa mutoto wake, yeye njo muzazi: anatia sahihi ku vaksini, ku hospitali, popote. Kwa mwili wake mwenyewe, eko mutoto. Ukifanya utafiti juu ya mabinti wenye kuzaa mapema na ukadai sahihi ya baba, utapata tu wale wenye baba zao bado wanaongea nao. Wale wenye shida kubwa zaidi, hautawaona.

Uganda ilijaribu kujibu. Mu mwongozo wake wa 2014, Baraza la Taifa la Sayansi na Tekinolojia linasema kijana wa chini ya miaka 18 mwenye kuolewa, mwenye mimba, mwenye mutoto ao mwenye kujitafutia maisha yeye mwenyewe, anaweza kukubali peke yake. Kuko pia nafasi kwa wale wa miaka 14 mupaka 17 mu utafiti juu ya magonjwa ya zinaa ao madawa ya kulevya, mambo yenye hawawezi kusema mbele ya baba. Kamati ya maadili njo inaamua kila mara. Sisi tunaona hiyo ni njia nzuri kuliko kufunga macho. Wengine wataogopa kama ni kuwapa watoto uhuru wa bure. Lakini huyu binti wa Kalebuka, uhuru hakuuomba. Alipewa siku yenye walimutupia nguo inje.

Kwa sasa, kama wanafika kwako na bluze nyeupe, omba kwanza barua ya kamati ya maadili. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko na kamati yake ya wanganga, na Kinshasa kuko ya taifa. Utafiti wenye hauna ile barua, ufunge mulango. Uliza pesa pia. Kurudisha transporti na kumupa kijana sukari na mukate kisha kukamata damu ni kawaida. Lakini kama feza ni mingi kupita siku tatu za kazi, jiulize nani anakubali pale, mutoto ao njaa ya nyumba. Na muulize kijana wako usiku, wakati wale watu wamekwisha kwenda, bila kumutisha. Pengine atakuambia kitu chenye hakusema mbele ya watu.

Kitu kimoja tena, chenye watafiti wenyewe wanasahau. Yule binti wa kikwembe eko na miaka 16. Kisha miaka mbili atakuwa mukubwa mbele ya sheria, na sahihi ya mama yake haitamufunga tena. Kama damu yake bado iko mu firigo ya labo, wanapaswa kumutafuta na kumuuliza yeye, mara ya kwanza kweli. Akisema hapana, ile chupa yenye namba yake inatolewa.